Taa ya Zizi na Darubini ya Kilimani

Jumatano usiku

Eti nizime taa ya zizi! Tangu jioni neno hilo limenikaa kooni.

Aliyelileta ni mjukuu wangu Paulina, anayetunza ile darubini mpya wanayoijaribu kilimani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetumwa, nakuona usoni."

Akacheka. Anasema darubini inachambua mwanga wa nyota kuwa mistari ya rangi, wajue nyota imeundwa na nini. Sasa mwanga wa taa yangu umeingia kwenye mistari yao.

Na fisi je? Juzi tu amenibebea ndama mmoja. Mimi nawashuku hawa watu. Leo wanataka taa, kesho watataka zizi, halafu nihame mimi mwenyewe.

Nikamuuliza, "Usiku nani anaiendesha?"

"Hakuna mtu, bibi. Inafungua paa yenyewe, inatafuta nyota yenyewe, mvua ikija inajifunga."

"Kumbe usiku huna kazi! Basi chukua rungu ukalale na ndama waliobaki. Mnaotaka giza ndio mtakaolinda zizi."

Nilidhani atakimbia. Akachukua rungu.

Nimezima taa. Nimempelekea maziwa na shuka langu zito, maana baridi ya huku haina huruma. Dirisha nimeliziba kwa gunia ndipo nikawasha tochi ya simu niandike, wasije wakanisingizia tena.

Siwaamini bado. Lakini wakija kunihamisha, watamkuta mtu wao zizini kwangu, ananuka samadi kama mimi.