Kinyozi Anayeogopa Nane

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi kabla sijamkata mtu shingo. Mimi ni kinyozi, mwaka wa kumi na tisa huu, wateja wananiita Mkono Mwepesi, lakini juzi nilimchana mteja sikio kwa wembe, damu ikachirizika hadi kwenye kola, na mkono ukakataa kutulia mpaka nikafunga duka saa tano asubuhi. Chanzo ni huku kutafakari. Mke wangu alijifunza kutafakari huko kwenye simu, kwake kumekuwa dawa, analala fofofo na hagombani na mtu, basi naye akanikalisha sakafuni akasema, "Funga macho mume wangu, hesabu pumzi zako tu, kwani kuna kazi gani hapo?" Nilipofika ya nane niliruka kama niliyemwagiwa maji ya moto, akacheka, akasema nirudie, nami kila asubuhi narudia, nikifika nane moyo unakwenda mbio na jasho linanitoka, yeye anasema ndiyo sumu inatoka hiyo, niongeze iwe nusu saa.

Mshauri, hili sijawahi kumwambia mtu. Baba yangu alipokuwa mahututi wodini nilikaa naye mimi, na muuguzi akaniachia saa yake ya mkononi akasema, "Hesabu pumzi za mzee kwa dakika, zikishuka chini ya kumi niite." Nikahesabu nane. Badala ya kuita nikajiambia nimekosea, nikaanza upya, na ile dakika ya pili haikuisha, mzee alikuwa ameshaondoka. Ndugu zangu mpaka leo wananishukuru kwamba nilimuuguza vizuri. Je, nilimuua baba? Na hiyo nusu saa, niikalie?

Mkono Mwepesi

Mkono Mwepesi, barua yako niliiweka mezani nikatoka nje kwanza. Pole, pole sana mwanangu. Sasa nikugombeze. Unajua fika nane inakufanya nini, bado unairudia kila asubuhi, kisha unakwenda kushika wembe kwenye shingo za watoto wa watu! Akili zako zi wapi? Acha leo hii. Hapo hakuna sumu inayotoka, unarudi wodini tu, na mkeo anakusukuma bila kujua anakusukuma wapi kwa sababu umemficha. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Kinachomfaa yeye si lazima kikufae wewe. Ukitaka kutafakari, macho yawe wazi na usihesabu chochote. Ukishafunga duka, fagia nywele taratibu, usikilize ufagio, na mawazo yakitoroka yarudishe kwenye ufagio. Dakika tano zinatosha. Na hilo likikutia jasho, liache pia, ujaribu kutembea. Wembe uweke kabatini mpaka mkono utulie, na wiki hii nenda hospitali ukaonane na mtu wa kuzungumza na waliofiwa. Hakuna aibu.

Kuhusu mzee, mimi si daktari. Waulize madaktari kama dakika ile ingebadili kitu. Mimi ninachokiona ni mtoto aliyepata nane akatamani iwe kubwa zaidi. Jioni hii mkalishe mkeo, mwambie: "Baba alifika nane, nikaanza upya." Kisha umwache akushike huo mkono.