Kumsindikiza Isurugi

Okayama,
Novemba, siku ya mvua

Dada Tokiyo,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Usipande ngazi peke yako, hata kama matawi ya mipea yanakuita kwa jina. Mimi huku ni mzima. Kikohozi cha Oktoba kimeondoka bila kuaga, nakula, nalala, na kila asubuhi nafagia majani ya jirani yanayoangukia kwangu. Kaki ulizonitumia, yale matunda ya rangi ya chungwa, nimezimenya na kuzining'iniza chini ya ukingo wa paa kama alivyokuwa akifanya marehemu mama. Zimeanza kusinyaa vizuri.

Barua yako niliipata. Niliisoma, nikaiweka mezani, nikapika wali, nikala, kisha nikaisoma tena. Uniwie radhi kwa kuchelewa kujibu. Umeniuliza mambo mawili, na wewe unanijua: nimefundisha jiografia maisha yangu yote, siwezi kumwonyesha mtu mdomo wa mto kabla ya kumpeleka kwenye chanzo chake. Nivumilie.

Kwanza umeuliza kwa nini mwanao Shunpei, akijua kwamba nafasi ile huenda ni ya mwisho, aliitupa kwa ajili ya adabu. Umeandika kwamba adabu haijazi tumbo. Ukaongeza kwamba kama ilikuwa lazima aigize, basi aliigiza kupita kiasi, hadi kofia ikamdondoka na goti likagusa vumbi, kama mchekeshaji wa sherehe ya kijiji. Pili umeuliza kama ni wewe uliyemletea mkosi. Tangu Shunpei aanze kulipwa kwa kucheza besiboli hujawahi kumtazama. Jina lake likitangazwa, unazima redio na kutoka nje kwenye mipea mpaka uone yamepita. Siku ile nilikupigia simu kutoka uwanjani nikakuambia washa televisheni, ukawasha, na kilichotokea ulikiona. Mwisho ukaniomba nimshawishi aende kwenye majaribio ya Novemba, pale wachezaji walioachwa wanapojionyesha kwa timu nyingine.

Basi nianze na Aprili. Msimu ulipofunguliwa, Shunpei hakuwemo katika timu ya kwanza ya klabu yake, Korongo. Alikuwa timu ya pili, kwenye ule uwanja wa kando ya mto, ambako michezo huanza saa sita mchana na watazamaji ni wazee kama mimi na wake wa wachezaji wenye watoto wachanga. Nilikwenda karibu kila Jumamosi. Nilikaa na Bwana Yasuoka, yule kinyozi mstaafu, ambaye hajui kunong'ona. Shunpei akikosa mpira, Yasuoka alisimama na kupaza sauti: "Shunpei! Hilo ni gongo au ufagio? Mama yako analima, wewe unafagia!" Siku akipiga vizuri, alimwambia vilevile, kwamba leo ufagio umeota meno. Shunpei alikuwa akicheka na kumpungia mkono. Kuanzia mvua za Juni aliacha kupunga. Yasuoka aliendelea kupaza sauti, lakini nilimwona akitazama chini kila alipomaliza.

Hapa nikueleze jambo moja, maana wewe hujawahi kutazama. Mpigaji wa mkono wa kulia kama Shunpei akiwahi kuzungusha gongo, mpira huenda kushoto. Akichelewa, huenda kulia. Msimu huu wote mipira yake ilikwenda kulia. Juni ilikwenda kulia, Julai ikaenda kulia, na katika joto la Agosti, ambapo hata benchi zilichoma mapaja, ilikwenda kulia ikaangukia nje ya mstari, kwenye nyasi, na mzee wa uwanja akaiokota na kuirudisha. Niliyaona hayo kwa macho yangu, mimi mwalimu, na sikujiuliza. Nilipomuuliza Shunpei hali, alijibu kwamba ni ya kawaida. Chakula, kawaida. Bega, kawaida. Nami nikaridhika na kawaida yake.

Mwisho wa Septemba mchezaji mmoja wa timu ya kwanza aliumia paja, na Shunpei akaitwa kuziba pengo. Korongo walikuwa wamekwisha kukata tamaa ya ubingwa, lakini kuitwa ni kuitwa. Yasuoka nami tulipanda treni hadi Shizuoka. Siku hiyo ndiyo Isurugi, mrushaji mkongwe wa wapinzani wetu, Mwewe, alikuwa akiagwa. Bega lake lilikuwa limekwisha. Angepanda kilimani, pale anaposimama mrushaji, kumrushia mpigaji mmoja tu, kisha angevua kofia na kwenda zake.

Unajua desturi ilivyo, au pengine hujui. Mrushaji anayeagwa hurusha mipira iliyonyooka tu, bila hila, na mpigaji wa upande wa pili hupiga hewa mara tatu kwa makusudi. Hakuna sheria iliyoandikwa. Hakuna anayeambiwa waziwazi. Ni kama kumsindikiza mgeni hadi langoni: humwambii ondoka, na humwachi aende peke yake. Mpigaji akiugonga mpira ule, watu hawatamtukana, lakini watakumbuka.

Basi Isurugi alipopanda kilima, zamu ya kupiga ilikuwa ya Shunpei. Nilimwona Kocha Hatakeda akimshika bega na kumnong'oneza. Baadaye nilijua alichomwambia: "Msindikize vizuri." Shunpei aliitikia kwa kichwa. Tarumbeta chache za mashabiki wetu zilipiga wimbo wa Shunpei, polepole, kwa heshima ya yule mkongwe. Mpira wa kwanza ulikuja, akakosa. Wa pili, akakosa. Ilikuwa mipira ambayo mwanafunzi wa sekondari angeigonga. Wa tatu alizungusha gongo mpaka mwili wote ukazunguka nalo, kofia ikadondoka, goti likagusa chini. Uwanja mzima ulisimama. Isurugi aliteremka, akavua kofia yake, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili na kuinama. Yasuoka alikuwa akilia kama mtoto, akiwaambia watu asiowajua, "Huyo ni wetu! Muungwana huyo! Mimi ndiye ninayemtukana kila Jumamosi!" Mimi nilipiga makofi kwa sababu wengine walipiga. Sikuhisi kitu. Nilidhani ni uchovu wa safari.

Tulirudi na Shunpei kwenye treni. Nilimhubiria njia nzima kuhusu heshima, hata nikamsimulia habari ya yule mtawala wa kale aliyempelekea adui yake chumvi. Shunpei alikula chakula chake cha boksi, punje baada ya punje. Alisema, ndiyo, mjomba. Gazeti la kesho yake liliandika kwamba moyo wa besiboli bado uko hai.

Oktoba alipigiwa simu kutoka ofisi ya klabu, akaambiwa aje kesho na avae suti. Mchezaji anayeitwa na suti mwezi wa Oktoba hahitaji kuambiwa kwamba ameachwa. Aliazima tai yangu. Aliirudisha jioni hiyohiyo, imekunjwa.

Jumapili iliyopita alikuja hapa mchana. Tulikaa, miguu yetu ikiwa chini ya blanketi la meza ya joto, mvua ikinyesha kama leo. Aliuliza mama anasemaje. Nilimweleza yote: kwamba una hasira na adabu yake, kwamba unataka aende kwenye majaribio. Sikumwambia habari ya mkosi. Alichukua chenza, akalimenya, akalitoa nyuzi nyeupe moja moja, akaliweka kando bila kulila. Akachukua jingine. Nilianza tena kumweleza kwamba adabu yake ile haikupotea, kwamba watu wa klabu nyingine nao waliiona, na kwamba kwenye majaribio itamfaa.

Akanikatiza. Hajawahi kunikatiza tangu utoto wake. Alisema, "Mjomba, haikuwa adabu. Nilitaka kuupiga."

Nilimwambia sielewi.

Alieleza kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni. Alisema kwamba alipotoka benchi alikuwa amekubali kupiga hewa. Lakini akiwa njiani aliwaza kwamba akiugonga mpira wa Isurugi ukavuka uzio, watamchukia usiku mmoja, ila ofisini watajua kwamba bado anaweza. Aliamua akiwa amekwisha kusimama kwenye nafasi ya mpigaji. Wa kwanza alijitahidi, akachelewa. Wa pili akaharakisha, bado akachelewa. Wa tatu aliweka kila alichokuwa nacho. "Nilitaka kumharibia mzee wa watu siku yake," alisema, "na hata hilo nikashindwa. Halafu akaja kunishukuru. Aliniinamia, mjomba. Ningemwambia nini?"

Kwa hiyo hataenda kwenye majaribio, dada. Si kwa kususa, wala si kwa aibu. Amesema kwamba mtu asiyeweza kuugonga mpira ule hana cha kumwonyesha yeyote. Nilitazama kaki zinazoning'inia nje. Nilitafuta mfano, na kwa mara ya kwanza tangu uzee unijie, sikuwa na mfano.

Baadaye aliuliza kama ni kweli siku ile ulitazama. Nikasema ndiyo, nilikupigia simu, ukatazama mpaka mwisho, na kwamba umelalamika juu ya kofia. Hapo aliinua uso. Akauliza umesemaje hasa. Nikamsomea maneno yako, yale ya mchekeshaji wa sherehe.

Alicheka kidogo kwa pumzi. Akasema, "Basi mama ameniona nikipiga kwa nguvu zangu zote. Wengine wote niliwadanganya. Yeye sikumdanganya." Kisha akala chenza moja. Akaniomba nikuandikie haya, kwa sababu yeye mdomo wake haufunguki.

Ndiyo majibu yangu kwa maswali yako yote mawili. Macho yako hayakumfanya achelewe. Alikuwa amechelewa tangu Aprili, nami nilikuwa nimekaa palepale nikitazama. Na hakuigiza.

Atakuja kwako Jumatano kwa treni ya mchana. Ameuliza kama kupogoa kumeanza. Nakuomba usimsifu adabu, na majirani wakija na lile gazeti, wape chai na ubadilishe mazungumzo. Mpe mkasi wa kupogolea, mwonyeshe matawi ya kuanzia. Ngazi ashike yeye. Wewe simama chini, umtazame.

Nisalimie wote wa huko, na umfukizie marehemu shemeji ubani kwa niaba yangu. Kaki zikikauka nitakuletea zako mwaka mpya ukikaribia, miguu ikiniruhusu.

Ni mimi mdogo wako,
Morihiko