Walisema Barabara

Jumatatu, 3 Juni
Makambako. Baridi ya kukata masikio. Nimeshinda ofisini na ramani ya mpango wa mji. Njia ya miguu nimeipaka kahawia. Nimeipigania hiyo: inatoka mtaani hadi shuleni na sokoni bila kugusa barabara kuu ya malori. Jioni bosi kaniletea muhtasari wa kikao cha wakazi. Njaa inauma. Nimesaini bila kusoma.

Jumatano, 5 Juni
Vigingi vyekundu kwenye njia yangu! Bosi anasema wakazi wenyewe wameomba malori yapite pale, foleni ipungue. Nikacheka. Akanionyesha muhtasari.

Mungu wangu.

Kikaoni niliuliza kama njia ibaki ya watembea kwa miguu, magari yasiingie. Mzee Mgaya, mwalimu mstaafu, akajibu kwa niaba ya wote, Kiswahili chake kile cha ubaoni: "Barabara!" Yaani sawasawa kabisa. Makofi. Nami nikaandika harakaharaka daftarini: "Njia ya miguu – wakazi: barabara." Mchapaji akaelewa alivyoelewa: wakazi wanataka njia ya miguu iwe barabara. Chini, saini yangu.

Mjinga mimi.

Alhamisi, 6 Juni
Bosi hataki kusikia. Kilichosainiwa kimesainiwa. Nikitaka kukibatilisha, niandike kwamba niliidhinisha nisichokisoma. Si nitakuwa nimejichongea? Nina miaka miwili tu kazini. Naogopa.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekwenda Njombe kwa mama. Nimekula viazi, nimerudi. Sikumwambia.

Jumatatu, 10 Juni
Greda limeletwa, linaanza kazi wiki ijayo. Malori yatapita mlangoni mwa shule, watoto watakanyagwa. Mzee Mgaya kaja ofisini na fimbo yake, mbele ya watu wote. "Binti yangu, tulikukosea nini?" Aibu niliyoona leo sijawahi kuiona. Alipoondoka nikaandika barua ya kukiri kwamba nilisaini bila kusoma. Mistari minne. Nikaipeleka mwenyewe kabla sijaghairi.

Jumanne, 11 Juni
Nimepewa barua, natakiwa kujieleza. Sikulala.

Ijumaa, 28 Juni
Vigingi vimeng'olewa, greda limeondoka. Mimi nimehamishiwa masjala, napanga mafaili. Asubuhi nimepita kwenye njia. Watoto na sweta zao, akina mama na ndoo za parachichi. Mzee Mgaya akatokea mbele yangu. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Nikarudia, wapi. Nikasogea majanini, nikampisha.