Gari la Farasi Mia Tatu Lililopitwa na Kabaza

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Dowa, 15 Oktoba 2012
Jina: Moïse Cirhuza. Umri: miaka 49. Kazi: muuzaji, yadi ya magari, Old Town, Lilongwe. Makazi: kambi ya Dzaleka.

Naomba serikali ipokee kwa utulivu habari hii nzito: mnamo tarehe 14 Oktoba 2012, saa tisa alasiri, katika mwinuko wa barabara ya Dowa, gari la michezo lenye nguvu za farasi mia tatu lilikohoa, likazimika, likapitwa na kabaza, yaani baiskeli ya teksi, yenye gunia la mahindi. Mwendeshaji alituambia "Zikomo!", yaani asanteni, akaenda zake.

Usukani aliushika mwenye gari, Apollinaire, mwenye duka Area 36. Kando yake alikaa mchumba wake, Merveille. Mimi nilikuwa nyuma, magoti kidevuni, maana kiti kile kilitengenezwa kwa ajili ya mkoba.

Merveille alicheka. "Papa Moïse, hii njo gari uliuzisha? Afazali tungepanda ile kinga ya kabaza!"

Apollinaire hakucheka. Alifungua boneti. "Sindayigaya aliiba injini yangu! Aliweka ya zamani. Angalia alama, ni ya gari ya 2003!"

Sindayigaya ni fundi aliyembadilishia oili Ijumaa. Apollinaire alimshtaki hapa jana hiyo hiyo, naye amelala mahabusu.

Alama ni za 2003 kwa sababu injini ya mtindo wa 2006 ni ile ile. Gari nililiuza mimi, kwa mdomo huu: "Mtindo wa 2006, injini mpya!" Lakini kiwandani hawaitupi injini kila wanapotoa mtindo mpya. Wanaipanulia njia ya hewa, wanabadilisha kemshafti, ule mhimili unaofungua vali, wanairuhusu izunguke kasi zaidi, halafu namba mpya inaandikwa kubwa kwenye tangazo. Farasi walioongezwa wanakaa juu, kwenye mizunguko elfu sita kwa dakika na zaidi. Huku chini, injini ikizunguka polepole, gari la 2003 lilivuta vizuri zaidi. Tangazo halikusema, nami sikuulizwa.

Lililotokea ni hili. Malawi usukani uko kulia, gia ziko kushoto, na Merveille pia alikuwa kushoto. Tangu Dzaleka, mkono wa kushoto wa Apollinaire ulikuwa umeshika wa Merveille. Mwinuko ulipoanza hakutaka kuuachia ili apunguze gia. Tukapanda kwa gia ya nne mpaka injini ikazimika. Niliona, nikanyamaza kwa adabu. Leo adabu hiyo imemlaza mtu ndani.

Sindayigaya hakugusa kitu isipokuwa oili. Nimesema niliyoyaona, sina mengine.

Sahihi: M. Cirhuza

Maelezo yametolewa kwa Kiswahili mbele yangu, yametafsiriwa na Madeleine, mkalimani. Mlalamikaji, Apollinaire, amesomewa, mchumba wake akiwepo. Ameondoa malalamiko. Sindayigaya ameachiliwa saa 5.20 asubuhi.
Konstebo Nkhoma