Hayachumwi Mabichi

Jumatatu, 2 Juni

Nimezunguka shamba lote asubuhi. Machungwa bado ya kijani, magumu. Nimepasua moja — kali! Meno yamekufa ganzi. Yanataka wiki tatu, labda nne. Mavuno ya kwanza tangu mume wangu afariki, na nitayavuna mimi. Si mtu mwingine.

Jumatano, 4 Juni

Shemeji kaja, mdogo wa marehemu. Hata hakukaa. Eti ameshapatana na mwenye boti: yachumwe yote Jumamosi, mabichi hivyo hivyo, huko mjini yatatiwa dawa yageuke rangi. Nikamuuliza nani kampa ruhusa. Akacheka — wewe shemeji pumzika tu, mambo ya shamba tuachie wanaume.

Nipumzike! Kiangazi chote nabeba ndoo, yeye alikuwa wapi? Kisiwa kizima kinajua utamu wa machungwa haya. Watu wakiyatema mwaka mmoja tu, jina limekwisha. Na akishavuna yeye mara moja, mwakani nitaomba chungwa langu mlangoni kwake.

Ijumaa, 6 Juni

Nimemfuata mama mkwe. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Nikamweleza yote. Kasema nisimgombanishe na mwanawe pekee aliyebaki. Nimeaga, nimeondoka.

Haya. Nitasimama peke yangu. Ngazi ya kuchumia nimeiingiza chumbani — haienei, imechomoza mpaka ukumbini. Nimeiruka mara mbili nikienda jikoni. Nacheka mwenyewe, na hasira zimenijaa.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika nikiwa juu ya mchungwa. Mwandiko gani huu, tawi linayumba!

Wamekuja na ngazi zao. Nikapanda mti wa kwanza, ule wa getini, kwa umri huu, gauni nimelifunga kiunoni. Nyapara wa wachumaji kakataa kuanza: mama akianguka, kesi ya nani? Wamekaa juu ya kreti wanavuta sigara. Shemeji kapayuka mpaka sauti imemkauka, kisha kampigia simu mama yake aje aniteremshe.

Kaja. Kasimama chini, ananiangalia. Nikamwambia, mama, nisamehe, lakini sishuki. Halafu kavua mtandio wake, kaukunja, kanirushia — kalia, hilo tawi lina miiba.

Sasa naye kavuta kreti, kakaa. Shemeji mdomo wazi. Boti inapiga honi gatini. Na ipige!