Wifi Yangu ni Mwalimu Mkuu, na Binti Yangu Hayumo Kwenye Ripoti

Bi. Verna, nakuandikia wewe uliye mbali kwa sababu hapa mjini kwetu kila mtu ni ndugu wa mtu, na nikimweleza mmoja nitakuwa nimewaeleza wote, kwa hiyo nivumilie.

Nina mume, Dwight, anayeendesha mashine za kuvuna mahindi, na binti mmoja, Hattie, aliye darasa la nne. Hattie ana akili ya mikono, anaweza kuifungua mashine ya kukata nyasi na kuifunga tena, lakini kusoma kunamtesa, herufi zinamkimbia, na akiambiwa asome kwa sauti anashika tumbo. Mwalimu mkuu wa shule yake ni Corinne, dada yake Dwight, wifi yangu, na siwezi kumsema vibaya bila kumsema kwa mema pia, maana Hattie alipozaliwa kabla ya wakati, Dwight akiwa amekwama kwenye theluji, Corinne ndiye aliyekaa nami hospitalini, na mtoto anampenda huyo shangazi yake kupita kiasi.

Sasa mwezi wa nne, mitihani ya jimbo ikikaribia, Corinne alinipigia simu akasema, “Wifi, mama anakwenda Kansas kumwona dada yake. Kwa nini Hattie asiende naye? Wiki ijayo hatufundishi kitu cha maana.”

Nikamwambia, “Si ndiyo wiki ya mitihani?”

“Ndiyo, na unajua mitihani inavyomfanya. Mwache apumzike, hayo mengine niachie mimi.”

Nikashukuru, Bi. Verna, tena kwa moyo wote, nikasema hii ndiyo faida ya kuwa na wifi mwalimu mkuu, nikamfungia mtoto nguo, akaenda Kansas na bibi yake, akarudi mashavu yamejaa, na mimi nikasahau.

Lazima ujue kwamba shule yetu ni ndogo, na wilaya ilikuwa imetangaza kwamba matokeo ya kusoma yasipopanda mwaka huu itafungwa na watoto watapelekwa kwa basi hadi mji wa jirani, kwa hiyo ripoti ya mwaka ilipotoka mwezi uliopita na shule yetu ikaonekana imepanda kuliko zote wilayani, watu walikumbatiana dukani, dereva wa basi akapiga honi barabara nzima, na shule ikawaandalia watoto piza ukumbini, nami nikaenda kusaidia kukata. Hattie akaja na sahani yake akaniuliza, “Mama, na mimi ni wa sherehe hii?”

“Kwa nini usiwe?”

“Mimi sikufanya mtihani. Beto naye hakufanya.”

Mama yake Beto, Marisela, alikuwa kando yangu anakata piza. Akasema, “Beto wangu aliambiwa abaki nyumbani, eti darasa lao linapakwa rangi.”

“Nani alikuambia?”

“Mwalimu mkuu mwenyewe. Nikasema huyu mama ana huruma.”

Tukatazamana, kisu kikabaki hewani, maana wote wawili tunajua Beto anavyosoma, na tunajua Hattie anavyosoma, na darasa lile halijapakwa rangi.

Jumapili, baada ya chakula kwa mama mkwe, mimi naosha vyombo na Corinne anavifuta, nikamuuliza. Hakukana. Akasema, “Ni watoto wachache. Wilaya yenyewe inaruhusu wachache wakose.”

“Wachache uliowachagua wewe.”

“Ungetaka akae pale anashika tumbo asubuhi nzima? Nilimhurumia, wifi.”

“Ulimhurumia yeye au ripoti yako?”

Akaweka sahani chini. “Vyote viwili. Shule ikifungwa, Hattie atapanda basi kabla jua halijatoka, aende akaitwe mjinga na watoto asiowajua. Hapa anaitwa Hattie. Haya, niambie mimi ni mbaya.”

Nikaichukua sahani aliyoiweka, nikaifuta mwenyewe.

Ningenyamaza, Bi. Verna, kweli ningenyamaza, lakini kwa vile ripoti inasema watoto wetu wanasoma vizuri, wilaya imemhamisha Bi. Overby, mwalimu aliyekuwa akikaa na wanaochelewa kusoma, na wachache waliobakiziwa msaada wamechaguliwa kwa alama za mtihani, na nilipouliza kuhusu Hattie nikaambiwa, “Tunasaidia walioonekana kuwa nyuma kwenye matokeo. Wako hana matokeo.”

Jumatatu ya wiki ijayo bodi ya shule inakutana, ripoti itasomwa mbele ya watu, Corinne atapewa tuzo, na mzazi yeyote anaruhusiwa kusimama kwenye kipaza sauti. Dwight anasema, “Ukisimama pale, Sikukuu ya Shukrani, ukoo wote ukiwa mezani kwa mama, sisi tutamla bata mzinga wetu ndani ya gari.” Marisela anasema atasimama nikisimama mimi, bila hivyo hapana, kwa sababu mimi ni ndugu na yeye ataonekana mgeni mwenye kelele. Nisimame au ninyamaze?

Mama wa Darasa la Nne, Nebraska

BI. VERNA ANAJIBU:

Pole, mama. Kaa vizuri, maana nusu ya jibu hili haitakupendeza.

Wifi yako amekosea. Mtu anaweza kuwa na huruma ya kweli na bado akakosea, wala moja halifuti jingine. Alikudanganya wewe, akamdanganya Marisela, na sasa wilaya nzima inashangilia matokeo ya wale tu walioachwa wafanye mtihani. Una haki ya kuumia.

Lakini barua yako ndefu yote inaishia kwenye kipaza sauti. Nisimame, nisisimame. Wakati wewe unapima hilo, mtoto wako anaingia darasani kila asubuhi bila mtu wa kumsaidia kusoma. Na yeye alikwisha kukuuliza swali lake, sahani mkononi, na sioni popote ulipomjibu. Anajua hakufanya mtihani, anajua Beto hakufanya. Unadhani hajatambua wanachofanana? Mjibu leo, kabla hujaandaa hotuba yoyote. Mwambie watu wazima walimficha, walikosea, na kusoma kwake si aibu ya kufichwa.

Kesho nenda shuleni mchana. Ingia kama mzazi mwingine yeyote, kaa upande wa pili wa meza, na huyo aliye mbele yako siku hiyo ni mwalimu mkuu, wifi mwache nyumbani. Maneno mliyosemezana kwenye sinki la vyombo yalikuwa ya familia. Haya ni ya shule. Omba Hattie apimwe kusoma wiki hii. Hawawezi kukuambia hana alama halafu wakatae kumpa. Wakikataa, panda ngazi uende wilayani, na usiondoke mpaka upewe tarehe.

Ukiwa hapo hapo, mwambie Corinne kwamba Jumatatu aseme mwenyewe, na asiposema yeye, utasema wewe. Usimvizie mbele ya watu. Mwanamke aliyekaa nawe hospitalini hastahili kushtukizwa, hata akiwa na kosa.

Unaogopa shule itafungwa. Sitakufariji kwa uongo, huenda ikafungwa. Ila alama hizi hazitajirudia mwakani bila watoto wengine kutafutiwa safari za Kansas, na hapo utamtazamaje mama wa mtoto atakayefuata? Piganieni shule yenu kwa hali yake ilivyo, mkimdai mwalimu wenu arudi.

Ikifika zamu yako kusimama, sema ya Hattie tu. Ya Beto ni ya mama yake. Na kwanza muulize Hattie kama anakubali jina lake litajwe. Akikataa, usilitaje. Naye Dwight mwambie bata mzinga hushibisha hata akiliwa garini.

BAADA YA MKUTANO

Msomaji huyu ametuandikia tena, na ameturuhusu tuchapishe:

Bi. Verna, nilifanya ulivyosema, isipokuwa mlangoni nilimwita wifi kwa mazoea. Corinne alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Sawa. Sasa niache, nina kazi.” Jumatatu alipoitwa kupokea tuzo alishika kipaza sauti akasema kuna watoto ambao hawakufanya mtihani, yeye ndiye aliyewaweka kando, na tuzo haichukui. Mimi sikuhitaji kusema. Marisela ndiye aliyesimama, akauliza jambo moja tu: mwalimu wa kusoma anarudi lini.

Corinne amepewa onyo. Suala la kuifunga shule limesogezwa hadi mwakani na hakuna anayejua litaishaje. Kuna watu dukani hawanisalimu. Bi. Overby anakuja baadhi ya asubuhi. Hattie alipimwa, na yuko nyuma sana, kama tulivyojua.

Sikukuu ya Shukrani tulikula kwa mama mkwe kama kawaida, ila Corinne hakuja. Hattie akaomba ampelekee shangazi yake pai ya maboga na kopo la krimu. Nikampeleka, nikasubiri nje, na alikaa huko muda mrefu. Alipotoka nikamuuliza walizungumza nini.

“Hatukuzungumza,” akasema. “Nilimsomea maneno yote ya kwenye kopo. Alinisubiri mpaka nikamaliza.”