Kupima Miji kwa Jiwe la Kilo

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza ya ustaafu. Nimeamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, nimeshavaa nusu ya sare ndipo nikakumbuka. Mzee, mume wangu, alicheka mpaka akakohoa. Eti mkaguzi mkuu wa mizani amepotea njia ndani ya chumba chake mwenyewe.

Ofisini nilirudisha kila kitu – mihuri, vitabu, koti la mvua. Nimebaki na jiwe la mizani la kilo moja tu, la shaba. Ni langu. Nililinunua kwenye mnada wa vifaa chakavu na risiti ninayo. Miaka thelathini na moja nimefunga mizani za watu kwa sababu ya gramu ishirini, nianze kuiba uzeeni?

Sasa jambo lenyewe. Kodi inapanda Juni na pensheni haitaifikia hata ikirukaruka. Lakini hata kodi ingeshuka, hapa tungehama tu. Ngazi ni sitini na mbili. Goti la Mzee limekwisha – daktari alilitamka hivyo hivyo, limekwisha. Leo ni siku ya kumi na tisa hajakanyaga chini. Fundi aliyetengeneza redio za mtaa mzima, sasa mtaa anausikilizia dirishani! Hapana. Kabla ya Juni tuwe mji wa bei nafuu, nyumba ya chini. Nitautafuta mwenyewe. Kukagua ndiyo kazi ninayoijua.

Alhamisi, 6 Machi

Binti yetu kapiga simu. Mama, njooni kwangu, nafasi ipo. Nafasi ipi? Vyumba viwili, yeye, mume na watoto watatu. Tulale kabatini? Nikamwambia asante mwanangu, mimi na baba yako hatujawa mizigo bado. Akanuna. Atacheka tena.

Miji nimechagua mitatu, yote ya mbali kidogo, yote kodi nusu ya hapa. Masharti yangu: nyumba isiwe na ngazi hata moja, zahanati iwe karibu, na soko liwe la watu waaminifu. Mzee akauliza, uaminifu wa soko utaujuaje kwa siku moja? Nikaupiga mkoba kofi, jiwe likagonga meza. Akasema, maskini wauza nyanya.

Jumanne, 11 Machi

Mji wa kwanza, wenye kiwanda cha saruji. Nimeubatiza Vumbi. Nyumba safi, kodi safi, dalali mdomo asali. Nikamwambia ngoja nipite sokoni.

Namna yangu ni rahisi. Naomba: ndugu yangu, niwekee kimzigo changu hapo nijue uzito wake. Jiwe ni kilo moja kamili. Mizani ikisema zaidi ya kilo, basi mnunuzi anapunjwa kila siku. Meza tano nimejaribu. Nne zimesema kilo na gramu mia. Ya tano – kilo na robo! Huyo hata haya hana, kanitazama usoni akaniambia mzigo wako mzito, mama.

Nimerudi na basi la saa nane. Dalali bado anapiga simu.

Alhamisi, 13 Machi

Mji wa pili, Baridi. Mizani zote sawasawa, nilitaka kuwakumbatia. Ila mji mzima umepandishwa kilimani. Nyumba ya bei yetu ina ngazi thelathini na nane. Mwenye nyumba akasema ngazi ni mazoezi. Nikamuuliza yeye analala wapi. Chini.

Jumanne, 18 Machi

Nimeupata! Nimeupata nimeupata!

Mji wa Reli. Treni yenyewe haipiti tena, karakana ilifungwa zamani, lakini barabara ni tambarare na pana, na watu wanatembea taratibu kama wana siku nzima. Nyumba: vyumba viwili, jiko, baraza. Kizingiti cha mlango ni kidole kimoja, nimekipima. Zahanati ni dakika sita kwa mwendo wangu, kumi na tano kwa mwendo wa Mzee. Na baraza inatazama njia, anaweza kuweka meza yake ya redio hapo na kubishana na kila mpita njia.

Mwenye nyumba ni mjane wa makamo, anauza nafaka sokoni, wanamwita Mama Kunde. Haongei sana. Alifunga meza yake ili anionyeshe nyumba. Baadaye nikapita sokoni peke yangu, yake bado imefungwa, meza saba nyingine zote kilo ni kilo. Tumekubaliana kwa mdomo, nirudi Jumanne na hela ya miezi mitatu.

Mzee nilimweleza baraza ilivyo. Akaomba nimchoree. Nimechora vibaya lakini kaibandika ukutani.

Jumanne, 25 Machi

Nimeharibu.

Ngoja niandike kwa mpangilio. Nimefika sokoni saa nne. Mama Kunde alikuwepo safari hii, na foleni mbele yake. Nikajipanga nami ninunue maharage, nimuungishe. Mkono ukaingia mkobani wenyewe. Nikaweka jiwe kwenye sahani yake. Mshale: gramu mia tisa.

Mia tisa! Yaani yeye ndiye anayepunjika. Ukinunua kilo kwake, unaondoka na kilo na kama gramu mia za ziada. Ningekaa kimya. Mtu yeyote angekaa kimya! Lakini sheria haisemi mizani impendelee nani, inasema iwe sawa, na sauti ya miaka thelathini na moja ikatoka yenyewe: "Mama, mizani yako imepotoka! Unawazidishia watu hawa wote, kila kilo!"

Soko zima lilisikia. Jirani yake, muuza mchele, akarukia hapo hapo: kumbe ndiyo maana wateja wote wanakimbilia kwako! Nikadhani Mama Kunde atanishukuru. Akanitazama tu. Akasema, "Najua." Na foleni – hiki ndicho ninachokiona nikifumba macho – foleni ilianza kuyeyuka. Bibi mmoja alirudisha mfuko wake mezani, taratibu, akaenda zake ameinamisha kichwa.

Mama Kunde alifunika magunia yake. Akanieleza akiwa amenipa mgongo. Karakana ilipofungwa watu walikosa mshahara, na hawakutaka kukopa wala kupewa bure, wana heshima zao. Marehemu mumewe akageuza skrubu ya mizani kidogo. Wakawa wananunua, wanalipa, wanatosheka. Miaka kumi na minne hakuna aliyeambiwa.

"Leo umewaambia," akasema. Hela yangu hakuipokea.

Jumatano, 26 Machi

Nimemweleza Mzee yote. Mwanzoni alicheka, halafu akaacha. Akauliza, ulikuwa unamkamata nani? Nikainuka nikaosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Mimi! Miaka thelathini na saba ya ndoa hajawahi kunikosesha jibu.

Nimeona aibu. Nimeandika hivyo, basi.

Lakini kukaa hapa nikilia hakutateremsha ngazi. Nitarudi nikaombe radhi. Mzee kasema hatanituma peke yangu, nitakagua na ile radhi nayo. Anakuja.

Ijumaa, 28 Machi

Ngazi sitini na mbili, dakika hamsini. Alishuka kinyumenyume ameshika reli ya ngazi, mimi chini yake kama ningeweza kumdaka! Kila ghorofa jirani alitoka na kiti. Kwenye ngazi ya mwisho alisimama akasema hapandi tena, hata iweje. Nikamwambia usiape. Akasema siapi, goti ndilo linasema.

Mama Kunde tumemkuta mezani, hakuna foleni. Nikaomba radhi, bila maelezo, bila sheria. Mzee naye akasalimia, akamwambia shemeji, huyu mke wangu ana moyo mzuri ila mdomo wake una muhuri wa serikali. Nikaona midomo ya Mama Kunde inatikisika. Hakucheka lakini.

Akatoa neno lake. Kesho asubuhi anakwenda kliniki ya macho. Nikae mezani kwake mimi. Niliowafukuza, niwauzie mimi. Mizani nisiiguse. Jioni ndipo atajua la kuniambia kuhusu nyumba.

Usiku huu katukaribisha tulale humo humo, kama wageni, godoro moja. Kabla ya giza Mzee alitembea kutoka barazani hadi njiani na kurudi. Mara tatu. Sikumshika. Mara ya tatu alisimama njiani kule, akaanza kuongea na mtu.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika hapa hapa mezani, katikati ya wateja, nyuma ya daftari la bei.

Saa mbili mpaka saa tatu: hakuna mtu. Wanapita, wanatazama mizani, wananitazama mimi, wanapita. Mikono inawasha. Skrubu naiona kutoka hapa. Nusu mzunguko, sekunde kumi, nimeshafanya mara elfu.

Saa tatu na kitu akaja mzee mmoja mwenye kofia ya reli iliyopauka. Akauliza, ni ile ile? Nikasema ile ile. Akafikiri. "Basi nipimie mbili." Nikapima, mshale ukasema mbili, nami nikasema mbili, kwa sauti. Uongo wangu wa kwanza kazini! Akalipa, akanishukuru kama mtu aliyenunua, akaenda.

Wamekuja kumi na mmoja tangu hapo. Yule bibi wa mfuko bado.

Saa tano. Muuza mchele anatabasamu peke yake na haangalii upande wangu. Sasa najua kwa nini. Mkaguzi wa wilaya ameingia sokoni na sanduku lake. Kumbe jirani amepeleka habari, na habari yenyewe ameipata mdomoni mwangu. Na mkaguzi ninamjua! Nilimfundisha kwenye kozi, wiki sita. Anaanza mwisho wa safu, hasalimii mtu, haruki meza, hapokei maji. Vyote hivyo nilimfundisha mimi.

Mama Kunde hajarudi. Mizani ikikutwa hivi inafungwa, na mwenye meza anaandikiwa kosa. Nikigeuza skrubu sasa, hakuna kosa, na nimevunja neno nililompa jana. Na kesho kilo yake itakuwa kilo tu.

Amebakiza meza nne.

Mzee yuko upande wa pili wa njia, kwenye benchi la fundi baiskeli, wanabishana kuhusu betri. Ameniona nimesimama. Nimemwonyesha kwa kidevu lile sanduku. Ameelewa. Amevuta tu fimbo yake anakuja, bila haraka, yeye na goti lake.

Meza mbili. Ameinua kichwa, ameniona. Ameshtuka, anatabasamu, "Mwalimu!" – mbele ya watu wote. Nimemwitikia kwa mkono.

Mikono imeacha kuwasha. Akiuliza mizani hii ni ya nani, nitamwambia leo ni yangu. Aandike jina langu, lote, na asikosee herufi, nilimfundisha.

Yule bibi yuko hapa. Kaleta mfuko, hanitazami, anataka kilo moja na nusu. Ngoja nimpimie.